Shosho Aliyezikwa Sehemu ya Tisa

"Mbithe, huyu shosho unamuua mara ngapi?"

Dianah hakuinua macho kwenye simu. Tulikuwa wawili tu katika duka la fotokopi tunalofanyia kazi Ruiru, na wateja hawakuwepo.

"Shosho gani?"

"Wa Sajini Tolo, nyanya yake! Sehemu ya tisa amezikwa. Sehemu ya ishirini amelazwa hosi, Tolo anakosa tena kuleta mbuzi. Ama alifufuka?"

Kulikuwa na tamthilia ya runinga, Kambi Nane, iliyoisha vibaya: Sajini Tolo na Nesi Sera waliachwa bila kuoana. Nikawaendeleza mwenyewe kwenye Facebook, sehemu thelathini. Makosa yalikuwa mengi, ndiyo maana nilikuwa naandika upya, Dianah akinisomea.

Ila hilo sikulibuni. Kila kisingizio cha Tolo nilikitoa kwa Bedan, mchumba wangu wa miaka minne. Kwetu Ukambani, msichana hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao. Mwaka jana baba aliita wazee mara mbili, wakala, wakaenda bila mbuzi kufika. Agosti, Bedan alisema wanamzika shosho, nisije kwa sababu sijatambulishwa kwao. Desemba, akasema shosho amelazwa. Nilidhani ni yule wa upande wa mama. Sasa wazee walikuwa wameitwa mara ya tatu, waje Jumamosi.

Nikamwandikia: "Babe, uko na shosho wangapi?"

"Mmoja tu, Shosho Njambi wa Witeithie. Kwani?"

Nilisoma mara tatu. Nilingoja nishtuke, sikushtuka. Nikamwambia Dianah abaki na duka.

Witeithie niliulizia, nikaonyeshwa geti la kijani. Shosho alikuwa ameketi juani akichambua maharagwe, mzima kuliko mimi.

"Karibu, maitũ. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni rafiki ya Bedan, shosho. Nilisikia ulikuwa mgonjwa."

"Mimi? Hata homa sijashikwa! Bedan ako Thika na bibi yake, Maggie. Kwani hukukuja ruracio, tukimlipia mahari?"

"Sikukuja. Ilikuwa lini?"

"Agosti. Tulipeleka mbuzi na kila kitu. Desemba tukaenda kuona mtoto. Kunywa chai."

Nilikunywa. Ilikuwa na sukari nyingi. Nikamsaidia kumaliza maharagwe, maana sikujua mikono niipeleke wapi.

Nikiwa getini, Bedan akapiga simu.

"Babe, mambo ya shosho yametoka wapi?"

"Naandika upya ile stori. Kuna kosa sehemu ya tisa."

"Aah, si ufute tu hiyo ya mazishi. Nani atajua?"

"Niko kwake, Bedan."

Nyuma yake nilisikia mtoto akilia.

"Mbithe, wacha nikuexplainie..."

"Amenipa chai. Salimia Maggie."

Nikakata. Niliumia, najua niliumia, lakini ilikuwa kama jino lililodungwa ganzi. Nikampigia baba.

"Baba, waambie wazee wasije Jumamosi."

"Mbuzi hawaji tena?"

"Walishaenda kwingine. Tangu Agosti."

Nilijua anafikiria atawaambia nini wazee.

"Wazee watakuja tu," akasema. "Nitachinja wangu. Wewe njoo ule."

Nilirudi dukani nikaandika sehemu ya tisa yote upya. Shosho hakufa. Sera anamkuta juani na maharagwe yake, anakunywa chai, anajua kila kitu, anaenda kwao. Tolo sikumpa kisingizio hata kimoja.

Dianah alisoma hadi mwisho. Kisha akaniangalia mimi badala ya simu, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Iko sawa sasa," akasema polepole. "Lakini Sera mbona halii?"

"Sijui, Dianah. Sijafika hapo."