Chiriku Alipofunga Mdomo

Binti wa seremala walimwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno. Kwenye rozari ya jioni alizikimbiza Salamu Maria kama mtu anayewahi chakula. Na kweli alikuwa anawahi chakula. Mama yake, mshonaji, humfinya kidogo, naye hupunguza mwendo.

Jioni moja Chiriku alinyamaza kimya. Hakusali wala hakula. Na joto lote lile, miguuni amevaa soksi! Jamani, mtoto msemaji akinyamaza, usimwache hivihivi.

"Una nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Sina kitu."

Baba akatoa silaha yake ya kila siku. "Mungu anakuona! Waongo wanachomwa moto!"

Mtoto akaangua kilio. "Ndiyo maana sisemi! Nitachomwa!"

Mama akamvua soksi. Yesu na Maria! Alama za meno, na mguu umevimba.

Ikajulikana. Jana yake Chiriku alitoroka mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, akaenda kucheza nyuma ya kiwanda cha mbao. Mbwa akamng'ata. Akaamini Mungu amemwadhibu, na kwamba akisema ataadhibiwa tena.

"Mbwa wa nani?"

"Simjui. Alikuwa anayumbayumba, mate yanamtoka."

Mama akakaa chini sakafuni. Kichaa cha mbwa! Baba alishika chupa ya maji ya baraka. Akatafuta na kitambaa cha kufunga kidonda.

Nesi, jirani yao wa jumuiya moja, alisikia kilio akaingia bila hodi. "Shemeji, usifunge! Leteni sabuni na maji mengi yanayotiririka. Tunaosha dakika kumi na tano. Msipake jivu wala mafuta."

"Kaumwa tangu jana," mama alisema. "Tumeshamkosa?"

"Hapana. Tukimaliza kuosha, hospitali sasa hivi, akapate chanjo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, kupona ni ndoto. Chanjo inauzuia kabla."

"Na maji ya baraka?" baba aliuliza.

"Mbariki mtoto, shemeji, lakini kidonda ni sabuni. Mungu aliyetupatia sala ndiye aliyetupatia akili."

Hospitali walimpa chanjo, wakamwambia arudi mpaka amalize zote. Lo, siku zile zilikuwa ndefu! Mama alikuwa amesikia kwamba mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Basi kila Chiriku aliposhika kikombe, mama aliacha cherehani akamtazama koo. Mtoto akisema hana kiu, mama analia jikoni.

Baba naye hakulala vizuri. Akamuuliza nesi, "Kwa nini hakuniambia? Mimi si baba yake?"

"Umemfundisha kwamba Mungu ni askari mwenye rungu, na wewe ndiye msaidizi wake. Nani mwenye kosa anamkimbilia askari? Mwambie pia kwamba Mungu ni Baba."

Maneno yale yalimchoma seremala. Jioni ile alimpakata binti yake akamwomba msamaha.

Chanjo zikaisha. Chiriku akawa mzima, kelele zikarudi nyumbani, na mama akamshukuru Mungu kwa kila kelele.

Siku moja Chiriku aliingia karakana ya baba yake. "Baba, nimevunja dirisha la jirani."

Neno "moto" lilimjia baba mdomoni. Akalimeza, akaweka randa chini.

"Njoo hapa, mwanangu. Umeumia?"