Mgeni Aliyeomba Chumba cha Kimya

Vijitu vya karatasi vilikuwa vimezidi kimoja. Mama Kurasa aliliona jambo hilo asubuhi alipokuwa akipangusa vumbi kwenye jengo dogo la kadibodi, mfano wa maktaba mpya, uliowekwa juu ya meza karibu na mlango.

Hivyo ndivyo dada yake, msanifu wa majengo, alivyopenda kufanya kazi. Hakuchora kwanza halafu akaita watu waje kupiga makofi. Aliita watu kwanza. Kila aliyefika mkutanoni alipewa kijitu cha karatasi, akakiweka ndani ya kadibodi mahali ambapo angependa kukaa, akasema shida yake. Vijana wakakimbilia kwenye kompyuta. Wazee wakaomba viti vyenye migongo, na choo kisiwe safari. Watoto wakarundika vyao vyote kwenye chumba cha hadithi, na mmoja akasema anataka kukaa "karibu na mdomo wa Mama Kurasa." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Lakini mtoto alisema kweli. Paa la maktaba ya zamani lilikuwa likivuja, vitabu vikiliwa na ukungu, na bado kila Jumamosi watoto walijaa sakafuni kumsikiliza mkutubi wao akinguruma na kunong'ona. Hakujaliwa kuzaa, na sauti hiyo ndiyo aliyowalea nayo watoto wa wenzake. Katika jengo jipya aliomba chumba hicho tu.

Sasa kijitu cha ziada kilikuwa kimesimama mwisho wa ukumbi, penye stoo ya zamani iliyotakiwa kubomolewa, kimeelekea ukutani. Cheusi. Alipokigusa hakikuwa karatasi. Kilikuwa na uvuguvugu, kama sikio la mtu, na harufu ya udongo wa shimo lililofukuliwa ikampanda puani.

"Dada, hiki cha nani?"

Dada yake alikitazama, kisha akatazama dirishani. "Cha mtumiaji mmoja. Alibaki baada ya mkutano. Anataka chumba cha kimya."

"Mtumiaji gani?"

"Mdogo wangu, maktaba ni ya watu wote. Si ndiyo wimbo wako wa kila siku?"

Mama Kurasa akakirudisha kijitu mahali pake. Tangu utoto alikuwa akimwamini dada huyu bila kuuliza mara mbili.

Kabla ya hapo mafundi walikuwa wakihangaika na ukuta wa stoo. Wanaubomoa jioni, asubuhi wanaukuta umesimama, plasta kavu. Mara tu chumba cha kimya kilipochorwa, ukuta ulianguka kama biskuti iliyolowa chai.

"Kuta zilikuwa kwenye mgomo," mlinzi alitania. "Naona zimepandishwa mshahara."

Mama Kurasa alicheka, na kicheko chake kikajibiwa kutoka stoo, kwa kuchelewa kidogo.

Alidhani ni mwangwi. Lakini siku zilizofuata mwangwi ule ulianza kukosea, kama mtoto anayejifunza kusoma: ukishika neno lake, ukilirudia, ukilikosea, ukilirekebisha. Na kila ulipopata neno sawasawa, koo lake lilikauka kidogo zaidi, akanywa maji, akanywa asali, akajiambia ni vumbi la saruji, mpaka jioni moja akiwa peke yake kwenye chumba kipya cha hadithi, akijaribu kusoma ukurasa mmoja tu ili ajue kama sauti itafika ukuta wa nyuma, alisikia mstari ambao alikuwa hajausoma bado ukitamkwa nyuma ya shingo yake, kwa sauti yake mwenyewe, bila kosa hata moja, na ile harufu ya udongo ikashuka juu yake kama shuka lililolowa.

Alimkuta dada yake akipima mlango mwisho wa ukumbi.

"Ni jini," alisema, sauti ikikwaruza. "Na wewe unajua."

Dada yake hakugeuka. "Punguza sauti."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza kama nilivyowauliza wengine wote. Akasema alikuwa hapa kabla ya msingi wa kwanza, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kelele za watoto atazivumilia, mradi apewe msomaji. Wake peke yake."

"Ukampa mimi."

"Jengo lilikuwa linakataa! Ungetaka watoto wako wabaki chini ya lile paa?"

"Kwa nini hukumpa sauti yako?"

"Aliisikia yangu," dada yake alinong'ona. "Hakuipenda."

"Dada, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Kitanda kimoja, shuka moja, kidole chako kwenye kila herufi."

"Ndiyo maana." Hatimaye aligeuka, macho makavu. "Nilidhani nina haki juu ya sauti yako."

Siku ya ufunguzi jengo liling'aa. Wazee waliegemea viti vyao, kompyuta zilijaa vijana, wakubwa walitoa hotuba. Watoto waliketi kwenye zulia, shingo wameziinua. Mama Kurasa alifungua kitabu, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata pumzi.

Mwisho wa ukumbi, kwenye chumba cha kimya ambacho mlango wake ulikuwa umebaki wazi, sauti yake ilianza kusoma.

Watoto wakageuza vichwa. Yeye alimtafuta dada yake kati ya wageni, akampata, na midomo yake isiyo na sauti ikaunda neno moja.

"Dada!" sauti ikaita kutoka kule chumbani, ikiikatiza hadithi katikati. "Dada, nitoe!"

Dada yake aliisikia. Aliinuka, akapita kati ya wageni akiwatabasamia, akafika kwenye mlango ule mzito aliouchora yeye mwenyewe ili usipitishe sauti, akausukuma taratibu mpaka ukafungika vizuri.