Sauti Isiyotaja Gari

Mpokezi wa redio alikisikia kicheko kile mara ya kwanza wakati mumewe akiripoti kwamba amepakia magogo na anaanza kushuka mlimani. Kilikuwa kicheko cha mwanamke, cha chini, cha mtu aliyekaa kiti cha mbele na kuvua viatu. Mumewe akamaliza kuripoti kwa sauti yake ileile ya kazi, kama hakuna jambo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kampuni ilikuwa ya mbao. Simu za mkononi hazikushika kule msituni, kwa hiyo malori yote yalimtegemea yeye kituoni: nani apande, nani asubiri, daraja lipi limefunikwa na maji. Mumewe aliendesha lori la pili, na madereva wenzake walipenda kuwatania kwamba ndoa yao ilifungwa hewani. Kumbe hewani walikuwa watatu. Akaanza kunusa mashati ya mumewe kabla ya kuyafua, na moja alilikuta na harufu ya asumini, akanyamaza nayo moyoni.

Mwisho akamwita fundi wa redio, mzee waliyemwita Mluzi kwa sababu mdomo wake haukutulia bila kupiga mluzi. Habari za mume hakumwambia. Alisema tu kuna sauti zinaingiliana.

"Hilo dogo, shemeji," Mluzi alisema, akavuta kiti.

Alibana filta, kile kichujio cha makelele, mpaka sauti za madereva zikawa nyembamba, za watu wanaoongea ndani ya bomba. Makelele ya hewani yakakatika. Kicheko kikabaki. Akashusha geini, ile nguvu ya redio ya kuvuta sauti za mbali, na lori moja baada ya jingine likafifia hadi likapotea. Kicheko hakikupungua hata chembe. Mluzi akaacha kupiga mluzi. Akazunguka nyuma ya redio na kuchomoa waya wa antena, na yule mwanamke akaendelea kucheka, sasa bila mkwaruzo wowote.

"Sauti ya mbali ukiishushia geini inakufa," fundi alinong'ona. "Hii haitoki mbali."

"Inatoka wapi?"

"Umewahi kuijibu?"

Kituoni pale kila mtu aliijua sheria: sauti isiyotaja gari lake haijibiwi, hata ikilia. Mpokezi aliijua kuliko wote, maana ndiye aliyewafundisha madereva wapya. Lakini wivu nao haujui sheria.

"Jana," alisema, macho chini. "Nilimwambia amwache mume wangu, na kama ni mwanamke kweli aje hapa, tuonane uso kwa uso."

"Basi umemkaribisha."

Mluzi alirudisha antena, akapandisha geini, akamwambia amwonye mumewe wakati yeye anakwenda kumtafuta mtu anayeyaweza mambo hayo. Fundi ambaye hajawahi kuondoka popote bila kudai chai aliondoka bila hata mkoba wake.

Mpokezi alinyoosha mkono kushika kipaza sauti, na hapo ndipo asumini ilipojaa chumbani, nzito, ikishuka kooni, na kutoka kwenye spika, kabla hajafungua mdomo, akasikia sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake cha kabla ya kusema, ikiita polepole, "Lori la pili, hapa kituo. Nimekuja kukupokea njia panda. Simama unichukue."

"Usisimame," alisema, akibana kitufe kwa vidole vyote. "Baba watoto, ni mimi. Usimchukue mtu."

"Ni mimi," spika ikasema. "Usimsikilize huyo."

"Kituo, nawapata wawili," mumewe akajibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ya kazi ilivunjika. "Mnafanana. Nani mke wangu?"

"Ukisimama hapo nitakung'oa meno," mpokezi alisema.

Hakujibiwa. Aliita tena na tena, akimwomba, akimtukana, akimlilia, na redio ikatoa mvumo mtupu mpaka aliposikia breki za lori uani, na hatua za mumewe koridoni, hatua anazozijua kama pumzi zake, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Alimkimbilia. Mumewe akarudi nyuma.

"Wewe umepita wapi kuingia humu?" aliuliza.

"Sijatoka hapa tangu asubuhi."

"Nimekuchukua njia panda. Ulikuwa unatetemeka. Ukaniambia kituoni kuna jini limevaa sura yako, nisilisogelee."

Kule koridoni mtu alikohoa kidogo.

"Baba watoto," sauti yake ikauliza, kwa wivu uleule, "huyo unayeongea naye ni nani?"

Mumewe alimtazama, macho yakimzunguka usoni. Kisha akashika kitasa.

"Kama ni wewe, unisamehe," alisema, akatoka na kumfungia mlango kwa nje.