Shahidi Aliye Hai

Grrr. Grrr. Kitu kilikuwa kikitetemeka juu ya kifuniko cha sufuria. Scovia alipapasa gizani, akafungua pazia, akaiona simu yake. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, siku yake ya kupumzika, katika chumba chao mtaa wa Najma, Doha.

Mwanamume alimsalimu kwa Kiswahili. Alisema ni mpelelezi wa polisi, anapiga kutoka Uganda. Kamanda mmoja wa waasi wa zamani anashtakiwa kwa uhalifu wa kivita, mbele ya majaji wa nyumbani.

"Mama, tunakuhitaji uwe shahidi," alisema.

Scovia akakata simu.

Utotoni mwake, kaskazini mwa Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Ukikisikia, unakimbia. Na neno shahidi alilijua kutoka kanisani: mashahidi wa Uganda, waliochomwa moto Namugongo. Je, na yeye anatakiwa afe?

Mumewe Philipo, Mkenya wa Busia, mlinzi wa jengo la ofisi, alizidi kuvuruga mambo. Alisema ukiitwa kortini umeshtakiwa. Akauliza kama Scovia aliwahi kuwapikia waasi. Scovia alijibu kwamba aliwabebea mizigo, akiwa mtoto, kamba kiunoni. Philipo akasema wabadilishe laini ya simu.

Kesho yake, katika chumba cha kufulia cha hoteli, Scovia alimwuliza msimamizi wake, Mwarabu, maana ya shahidi. Yule alisikia neno la Kiarabu la waliokufa kwa ajili ya imani, akainua mikono akawaombea rehema. Scovia alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka.

Jirani yao Hadijah aliingia na kumkuta Philipo akichokoa simu kwa pini ili atoe laini. Hadijah alifanya kazi ya mapokezi kliniki, lakini zamani alikuwa mkalimani wa mahakama huko Gulu, kaskazini mwa Uganda.

"Shemeji, hiyo simu imekukosea nini?"

Walimweleza. Alicheka, kisha akaona uso wa Scovia, akaacha.

"Dada, ni neno moja lenye maana mbili. Shahidi wa kanisani amekufa. Shahidi wa kortini lazima awe hai, aseme alichokiona."

"Kwa hiyo hawamfungi?" Philipo aliuliza.

"Ungekuwa jaji wewe, tungekwisha sote."

Hadijah aliwaeleza taratibu. Kesi nyingine za namna hii zilipelekwa ng'ambo, mbali na walioumia. Sasa majaji, waendesha mashtaka na wapelelezi wa nyumbani hufunzwa kazi hiyo. Hujifunza kumhoji aliyeumia bila kumwumiza tena. Hujifunza kutunza ushahidi na kumlinda shahidi mwenye hofu. Na mshtakiwa hupewa wakili.

Hapo Scovia aliwaka. Wakili wa nini? Owen alipewa wakili? Owen alikuwa mtoto wa jirani yao kijijini, aliyefungwa naye kamba moja. Alichoka kutembea. Kamanda huyohuyo akatoa amri auawe, na Scovia, nyuma ya Owen, aliona yote.



"Bila wakili, hicho ni kisasi," Hadijah alisema polepole. "Hukumu ya namna hiyo hubomoka kwenye rufaa. Unataka ibomoke?"



"Na mimi niliyewabebea mizigo?"

"Ulitekwa ukiwa mtoto. Wewe umeumizwa. Lakini mwulize mpelelezi mwenyewe. Ulichoona, sema umeona. Ulichosikia, sema umesikia. Usichokumbuka, sema hukumbuki."

Alimwonya pia asiamini kila anayepiga simu. Hadijah mwenyewe aliuliza kwa wenzake wa zamani mahakamani, na wakathibitisha kuwa mpelelezi yule ni wa kweli.

Scovia akampigia. Aliuliza yote, hata lile la mizigo. Mpelelezi alisema haitwi kama mshtakiwa. Atahojiwa na mwanamke, kwa Kiacholi, lugha yake ya nyumbani. Anaweza kutoa ushahidi kwa video, akiwa hukohuko Doha. Mama yake kijijini atapewa ulinzi. Na aliyetoa namba yake ni mama yake Owen, ambaye naye yumo katika kesi hiyo kwa niaba ya mwanawe.

Philipo aliiweka pini mfukoni, akaenda kuchemsha chai.

Scovia alimpigia mama yake Owen. Walilia kwanza. Mama huyo aliuliza kama ni kweli atasema, maana wengine waliogopa.

"Bado naogopa, mama," Scovia alisema. "Lakini nitamtaja Owen mbele ya majaji, na nitasema nilichokiona. Nakuahidi."