Mwajabu na Mgomba wa Bafuni

Sogeeni, watoto, sogeeni. Huyu hapa ni Mwajabu. Ana miaka sita, na amenuna.

Mashavu yamemvimba. Mdomo umemtoka mbele. Kisa nini? Kuoga!

Kila jioni Mama anaweka ndoo ya maji kwenye bafu la mabati, nyuma ya nyumba. Kisha anaita, "Mwajabu! Njoo uoge!"

Mwajabu anapiga mguu chini. Dui!

"Juzi nilioga! Jana nilioga! Na leo tena? Mnanionea!"

Kiangazi cha Singida mnakijua? Upepo, vuu! Vumbi, puu! Na bombani maji yanatoka mara mbili tu kwa wiki.

"Maji yenyewe machache," Mwajabu akalalamika. "Kwa nini niyamwage mwilini? Ni haki hiyo?"

"Ni haki ya mwili wako," Mama akasema. "Ingia bafuni."

Basi Mwajabu akajifanya mjanja. Akaoga pasipoti.

Hamjui kuoga pasipoti? Ni kuosha uso tu, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Shingo? Aa-aa. Magoti? Aa-aa. Miguu? Thubutu!

Maji yaliyobaki akayarudisha kimya kimya kwenye pipa. Chubwi! Magoti yenye vumbi akayaficha ndani ya gauni refu.

Siku ya kwanza, pasipoti. Siku ya pili, pasipoti. Siku ya tano, shingo ikaanza kuwasha. Kuna, kuna, kuna!

Sasa, nyuma ya bafu palikuwa na mgomba. Ulipandwa na jirani yao wa uani, Anti Aikande, anayeoga kwenye bafu hilo hilo. Yeye kwao ni Machame, kwenye migomba mingi. Mgomba ulikuwa umezaa mkungu wake wa kwanza.

Na Anti Aikande alikuwa na tumbo kubwa. Ndani ya tumbo mlikuwa na mtoto.

"Kwetu, mama akijifungua hupikiwa mtori," Anti alipenda kusema. "Ni supu nzito ya ndizi na nyama. Ukinywa, nguvu zinarudi. Ndizi hizi nazisubiri kwa hamu."

Siku ya sita, Mwajabu akasikia mtu anafoka nyuma ya bafu. Alikuwa Anti Aikande, mikono kiunoni.

Majani ya mgomba yalikuwa yamelala. Ndizi zilikuwa nyembamba kama vidole.

"Nani amezuia maji ya mgomba wangu?" Anti akafoka.

"Maji gani, Anti?" Mwajabu akauliza. "Mbona hakuna anayeumwagilia?"

"Tunaumwagilia wote! Tukioga, maji yanapita kwenye mfereji huu, yanakuja hapa. Wewe unakuwa safi, mgomba unakunywa. Sasa maji yangu na ya mama yako peke yake hayatoshi. Yanakauka njiani!"

Mwajabu akaangalia mfereji. Mkavu! Akaangalia magoti yake. Meupe kwa vumbi!

"Anti," akasema kwa sauti ndogo, "ni mimi. Nilikuwa naoga pasipoti."

"Siku ngapi?"

"Tano."

"Tano! Na mtoto wangu yuko njiani!" Anti Aikande hakucheka hata kidogo. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Mwajabu akalia. Kisha akafuta machozi, akachukua ndoo.

Leo akaoga mwili mzima. Shingo, chwa! Magoti, chwa! Miguu, chwa! Maji yakashuka kwenye mfereji, churu, churu, churu, mpaka kwenye mgomba.

Na shingo ikaacha kuwasha.

Lakini ndoo moja inatosha nini kwenye kiangazi? Mwajabu akafikiri. Hasira zikampanda upya.

"Baba, wewe unaogea wapi?"

"Gereji, mwanangu, nikimaliza kazi."

"Na wewe, Kaka Sefu?"

"Kisimani, nikitoka mpirani."

Dui!

"Juzi hamkuoga hapa! Jana hamkuoga hapa! Na leo tena? Mnauonea mgomba!"

Baba akamtazama Mama. Mama akaelekeza kidole bafuni. "Umesikia, Baba Sefu. Ingia."

Basi kila jioni ikawa foleni. Mama, churu, churu. Baba, churu, churu. Sefu, churu, churu. Mwajabu alisimama mlangoni, akipiga kelele, "Na nyuma ya masikio!"

Wiki zikapita. Majani ya mgomba yakainuka. Ndizi zikanenepa, zikanenepa, zikanenepa.

Anti Aikande alipita pale kila asubuhi. Alizitazama ndizi, akaenda zake. Kwa Mwajabu hakutabasamu bado, na hilo lilimuuma Mwajabu sana.

Siku moja Anti akarudi kutoka hospitali. Mikononi, ndani ya khanga, alikuwa na mtoto mdogo, mdogo, mdogo.

Baba akaukata mkungu. Mama akapika mtori kwenye sufuria kubwa. Togo, togo, togo! Anti Aikande akanywa bakuli mbili, jasho likamtoka. Uliobaki wakanywa watu wote wa uani, na majirani wa upande wa pili.

"Nataka kumpakata mtoto!" Sefu akasema. Alikuwa ametoka mpirani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Na uchafu wote huo?" Mwajabu akamaka. "Huoni hata aibu!"

"Mtoto mchanga hapakatwi na mwenye vumbi," Anti akasema. "Nani ameoga?"

"Mimi," Mwajabu akajibu. "Mwili mzima."

Anti akamvuta karibu. Akamnusa shingo. Akamtazama magoti. Kisha akatabasamu, tabasamu pana.

"Kaa hapa, dada mtu," akasema. "Mpakate mdogo wako. Wewe wa kwanza."

Sefu akakimbilia bafuni. Mwajabu akakaa, miguu pamoja, mikono imara. Hakusogea hata kidogo, mpaka mtoto akalala.