Chapa ya Kisimani

Usiulize kwa nini Timiro hakumwacha mtoto nyumbani. Angemwachia nani? Mumewe Deeq alikuwa mnadani Garissa, na ngamia wao wa maziwa alikuwa amepotea. Maziwa ya Timiro mwenyewe yalikuwa yamekauka. Ngamia asiporudi, Alio mdogo angekufa njaa. Basi jua lilipotua akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akafuata nyayo mpaka kisima cha zamani, nje ya Bura.

Ngamia alikuwa pale, anakunywa. Kando yake alisimama mwanamke mrefu aliyejifunika uso, ameshika chuma chenye ncha nyekundu ya moto.

"Asalaam aleikum," Timiro akasalimu.

Mwanamke alikigeuza kile chuma mkononi.

"Huyu ngamia ni wangu," Timiro akasema.

"Ana chapa?" mwanamke alinong'ona.

"Angalia shingoni. Duara na mkato. Ni alama ya ukoo wa mume wangu."

Vidole virefu vikapapasa shingo ya ngamia, taratibu.

"Kweli. Mwenye chapa ana mwenyewe. Asiye na chapa ni wa atakayemtia. Tumekubaliana, abaayo, dada yangu?"

Sheria hiyo Timiro aliijua tangu utotoni. Bila hiyo watu wangeuana visimani kila kiangazi. "Wallahi, tumekubaliana," akajibu haraka, furaha imemjaa, akainama kuokota kamba.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia.

Nywele zinazoungua... Alio alishtuka mgongoni, mara moja tu. Timiro alipogeuka, hapakuwa na mtu.

Jamani, alikimbia! Alimburuta ngamia mpaka nyumbani bila kutazama nyuma. Deeq alikuwa amesharudi. Timiro akamfungua mtoto, mumewe akasogeza tochi.

Begani kwa Alio palikuwa na chapa ya ndoano na vitone vitatu. Kovu kavu, la miaka mingi. Na mtoto ana miezi mitano!

"Ya nani hii?" Timiro alilia. Deeq alizijua chapa za watu wote, kutoka Diff hadi Rhamu.

"Siijui."

"Basi tia yetu juu yake! Pasha chuma!"

Deeq alitikisa kichwa, machozi yakimtoka. "Ukitia chapa juu ya chapa ya mtu, huo ni wizi. Mwenyewe atakuja kudai."

Ndipo mluzi ukasikika gizani, ule wa kuita mifugo.

Ngamia hakujali.

Alio akageuza shingo.