Makala Ngapi?

Habari hii alinielezea Kapya mwenyewe, siku moja tulipokuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, mwaka uleule wa foire, yale maonyesho makubwa ya biashara, wakati Katanga ilikuwa na bendera yake.

Bwana yake Chomba alikuwa fundi wa mbabula, yale majiko ya makala, makaa ya miti. Alizifula kwa nyundo na bati ya mapipa ya zamani. Mbabula zake zilikula makala kidogo sana. Lakini nani alijua?

"Foire ikiisha bila muntu kuagiza," Chomba alisema, "nitaenda Mokambo, kule ku mpaka, kutafuta kazi."

Kapya alishika tumbo lake, mimba ya miezi saba. 

Siku ya kwanza bantu balipita tu mbele ya stand yao, kibanda cha kuonyesha mbabula. Siku ya pili Chomba akaleta kisolo, ule muchezo wa mashimo na mbegu. Ee, bantu balijaa! Wazee babili bakakalia mbabula, bakacheza mpaka jioni.

"Unaiba mbegu, weye!"

"Umeshindwa, sasa unalia kama bibi harusi!"

Bote balicheka. Hakuna hata mumoja aliuliza mbabula.

Jirani yao Madeleine, mufundishaji wa bamama ku foyer, nyumba ya mafunzo, akapita.

"Ba Chomba, siku hizi unauza kisolo?"

"Yaya, dada mukubwa, si bamekuja?"

"Bamekuja juu ya kisolo. Muchezo wa stand ukuwe mufupi, hata mutoto auweze. Zawadi ikuwe kidogo. Na muchezo wenyewe uonyeshe kitu unachouza. Mbabula yako inapita zingine kwa nini?"

Kapya akamutangulia bwana yake: "Makala! Yetu inachemusha maji na makala kidogo."

"Basi uulize bantu: makala ngapi?"

Siku ya mwisho Kapya akateleka sufuria ndogo. "Bamama, bababa! Makala ngapi itachemusha maji haya? Anayekaribia hesabu atakunywa chai!"

"Makumi mbili!" mama mumoja akaita.

"Unapika ngombe?" mwingine akamujibu. "Kumi na tano!"

"Kumi," akasema muzee mumoja wa kisolo.

Kapya akaweka tisa tu. Bote bakainama. Maji yakaanza kuimba, kifuniko kikaruka. Kelele gani ile!

Muzee akapokea chai yake, akaonja. "Kwangu mufuko wa makala haumalize juma. Unifulie moja, fundi."

"Na miye!"

"Miye mbili!"

Chomba akaandika majina mpaka karatasi ikajaa pande mbili.

Kule nyumbani hakutaja Mokambo tena. "Muke wangu, kesho nitafute mapipa," alisema, akasinzia palepale ku kiti. Kapya akamufunika kitenge, akakunywa chai iliyobaki, akalala.